Njia ya Maji: Habari za Kasoro ya Dandy na Walker

Mtu akiitwa kichwamaji hafurahi. Ajua kuwa ametukanwa, na kwamba aliyemwita hivyo akusudia kusema kuwa akili zake hazitulii, zayumba kama maji ndani ya mtungi usiojaa. Marehemu Euphrase Kezilahabi alilitwaa neno hili akalifanya jina la riwaya yake iliyotoka mwaka 1974, na ndani ya riwaya hiyo mna mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa kupita kadiri. Tusi na ugonjwa, basi, vimekaa jirani katika lugha yetu, na hata leo wako watu ambao wakimwona mtoto wa namna hiyo huanza kwa kuuliza wazazi wake walitenda nini, kabla ya kuuliza mtoto mwenyewe amepatwa na nini. Ujirani huo nauona si wa haki, kwa kuwa mtoto huyo hana taksiri yoyote wala mama yake hana, na tena kwa kuwa maji yale si kitu kigeni kilichomshukia yeye peke yake. Sote tuna maji vichwani.

Ndani ya ubongo wa kila binadamu, awe mwerevu au mpumbavu, mna vyumba vinne. Viwili vilivyo vikubwa viko kulia na kushoto, cha tatu kiko katikati, na cha nne kiko chini na nyuma, upande wa kisogo, baina ya shina la ubongo na ule ubongo mdogo ambao kazi yake ni kuupa mwili mizani katika kutembea na kushika. Humo vyumbani vimo vishada vya mishipa membamba viitwavyo koroidi, na katika vishada hivyo hutoka maji safi mithili ya maji ya chemchemi, yapata nusu lita kwa siku kwa mtu mzima, ingawa yaliyomo kwa wakati mmoja hayazidi kikombe kidogo cha chai. Maana yake ni kuwa maji hayo hutoka, huzunguka, hufyonzwa na kurudi katika damu, mara tatu au zaidi baina ya asubuhi na asubuhi. Kutoka chumba cha tatu hadi cha nne hupita katika mfereji mwembamba sana, na kutoka chumba cha nne hutokea nje kwa matundu matatu, moja la katikati na mawili ya pembeni, yakauogesha ubongo na uti wa mgongo. Njia hiyo ikizibwa mahali popote, chemchemi haina habari. Huendelea kutoa kama ilivyoamriwa, na kwa kuwa fuvu la mtoto mchanga halijaungana, kichwa hutanuka, utosi hujaa, mishipa ya paji huonekana, na macho hushuka kama jua linalokuchwa.

Sababu za kuziba ni nyingi, na iliyo kubwa katika nchi zetu ni maradhi ya kuambukiza yanayompata mtoto katika siku zake za mwanzo. Lakini nitakayoieleza hapa ni sababu iliyo nadra, inayokisiwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 25,000 hadi 35,000, nayo ni kasoro ya kuumbwa. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, kile kipande cha katikati kinachoziunganisha pande mbili za ubongo mdogo, ambacho wanazuoni wa Kilatini walikiita mnyoo kwa sura yake, hakikui, au hukua kidogo tu. Chumba cha nne hubaki bila paa lililo imara, kikafura kuwa mfuko mkubwa uliojaa maji, ukaenea kisogo kizima. Kasoro hiyo leo huitwa kwa majina ya matabibu wawili wa Marekani, Dandy na Walker, na historia yake ni historia ya watu waliotafuta njia ya maji, wakaipata, wakaipoteza, kisha mmoja wao akaja kuiokota tena chini ya Mlima Elgon.

Matabibu wa kale waliijua dalili wasiijue sababu. Wayunani waliandika juu ya maji ya kichwani, lakini wengi waliyadhania kuwa yamekaa juu ya ubongo, chini ya ngozi au chini ya fuvu, na kwa hiyo walidhani kuwa kuyatoa ni jambo la kupasua ngozi na kufunga kitambaa. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Madinat al-Zahra iliyokuwa karibu na Cordoba, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu chake kikubwa, al-Tasrif, chenye sehemu 30, na katika ile ya mwisho, iliyo ya upasuaji, akaweka mlango mahsusi juu ya maji yanayokusanyika vichwani mwa watoto. Alitaja kuwa huenda yakasababishwa na mkunga kukibana kichwa cha mtoto, na huenda yakawa na sababu iliyofichika. Akaeleza namna ya kupasua na kufunga. Kisha akasimulia habari ya mtoto aliyemwona mwenyewe, ambaye kichwa chake kiliongezeka siku hata siku mpaka akashindwa kuketi kwa uzito wake, na hatimaye akafa. Mimi huupenda mlango ule kuliko mingi iliyoandikwa baada yake, kwani tabibu kuandika dawa ni jambo jepesi, na kuandika kuwa mgonjwa alikufa si jepesi hata kidogo.

Ilipita miaka zaidi ya 500 kabla ya mtu mwingine kuongeza neno la maana. Andreas Vesalius, katika chapa ya pili ya kitabu chake cha maumbile ya mwili, iliyotoka mwaka 1555, alieleza habari za msichana wa miaka 2 aliyemwona katika mji wa Augsburg, ambaye kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko cha mtu mzima yeyote. Na alipopasuliwa baada ya kufa, maji hayakukutwa juu ya ubongo, bali ndani ya vyumba vyake, karibu ratili 9. Ubongo wenyewe ulikuwa umetandazwa ukawa mwembamba kuzunguka maji yale. Tangu hapo swali likabadilika. Haikuwa tena kuuliza maji yako wapi, bali kuuliza kwa nini hayatoki, na hilo halikuweza kujibiwa na mtu asiyejua mlango wa kutokea uko wapi.

Mlango wa katikati ulielezwa na Mfaransa François Magendie, ambaye kitabu chake juu ya maji haya kilitoka mwaka 1842, na ile miwili ya pembeni ikaelezwa na Mjerumani Hubert von Luschka katika miaka ya 1850. Wengi hawakusadiki. Walisema kuwa utando ule ni mwororo mno, na kwamba matundu hayo yalichanwa na vidole vya mpasuaji mwenyewe. Na shaka hiyo haikuisha mpaka Waswidi wawili, Key na Retzius, walipoingiza maji ya rangi katika maiti, mnamo 1875, wakayatazama yakipita. Mwaka 1887 Mwingereza Bland-Sutton alieleza kichwa chenye kasoro ambayo sasa tunaitambua kuwa ndiyo hii tunayoizungumzia. Lakini alieleza kama mtu aelezavyo kioja, na kioja hakina dawa.

Walter Edward Dandy alizaliwa mwaka 1886 katika mji wa Sedalia, jimbo la Missouri, mwana wa mfanyakazi wa reli aliyehamia huko kutoka Uingereza. Alihitimu utabibu katika chuo cha Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1910, akawekwa chini ya Harvey Cushing, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa sultani wa upasuaji wa ubongo katika Marekani. Na Cushing alipohamia Boston mwaka 1912 hakumchukua kijana huyu, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuchukiana, na chuki hiyo haikupoa maisha yao yote. Dandy hakuwa mtu mlaini wa ulimi. Pengine ilikuwa heri kwamba aliachwa, kwani aliyebaki Baltimore hana mwalimu ilimpasa ajitafutie jambo lake mwenyewe, naye alichagua maji ya kichwani, ugonjwa ambao mpasuaji mwenye kulinda jina lake aliukimbia.

Akishirikiana na Kenneth Blackfan, tabibu wa watoto, alianza kwa mbwa. Waliuziba kwa pamba ule mfereji mwembamba unaoingia chumba cha nne, na vyumba vilivyo juu ya mziba vikafura. Na hivyo, kwa mara ya kwanza, mwanadamu aliufanya ugonjwa huu kwa mkono wake mwenyewe, na anayeweza kuufanya ugonjwa yu karibu kuufahamu. Kisha wakaja kwa watoto. Waliingiza dawa ya rangi katika vyumba vya ubongo, wakachoma sindano mgongoni na kungoja: rangi ikitokea katika maji ya mgongo, njia iko wazi na taabu iko katika kufyonzwa, isipotokea, njia imezibwa. Ni jaribio sahili kama la fundi bomba anayetafuta mahali palipoziba, na ndilo lililougawa ugonjwa mmoja wa kale kuwa magonjwa mawili. Katika makala yao ya mwaka 1914 walieleza pia habari ya mtoto ambaye matundu ya Magendie na Luschka hayakuwa wazi, na chumba chake cha nne kimefura kupita kiasi, na ule mnyoo wa katikati haukuwapo kama ipasavyo. Mtoto huyo, ambaye jina lake halikuandikwa, ndiye wa kwanza katika silsila yetu.

Lililomkera Dandy ni kuwa aliyajua haya kwa maiti au kwa kubahatisha, ilhali alitaka kuyaona kwa mtoto aliye hai. Picha za eksirei zilikuwapo, lakini zilionyesha mfupa tu. Ubongo na maji yake ni kivuli kimoja. Halsted, mkuu wa wapasuaji wa Hopkins, alikuwa akipenda kusema jinsi hewa iliyomo matumboni inavyoonekana waziwazi katika picha hizo, na Dandy akalichukua neno la mzee akalipeleka kichwani: mwaka 1918 alitangaza kuwa ameyatoa maji vyumbani kwa sindano, akatia hewa mahali pake, na vyumba vikatokea katika picha vyote kwa umbo lake. Jambo hilo lilimtesa mgonjwa kwa maumivu makali ya kichwa, na si wote walionusurika, lakini kwa muda wa miaka zaidi ya 50, mpaka mashine za kupiga picha ya kichwa kwa tabaka zilipoanza kazi London mwaka 1971, wapasuaji wa dunia nzima waliona ndani ya vichwa vya wagonjwa wao kwa hewa ya Dandy.

Baada ya kuona, alitaka kutenda, na hapa ndipo panapohitaji kusomwa polepole, kwani katika muda wa miaka 4 mtu huyu mmoja alitia mkono katika dawa nyingi ambazo zingejaribiwa kwa karne nzima iliyofuata. Mwaka 1918 aliandika kuwa amevikata na kuvitoa vile vishada vya koroidi katika vichwa vya watoto wachache, kwa hoja kuwa chemchemi ikikauka mto hautafurika. Wengi wa watoto hao walikufa. Mwaka 1919 alirudi kwa mbwa kutafuta ithibati, akaandika kuwa chumba kilichozibwa hufura, ila kikinyimwa kishada chake hakifuri, na ithibati hiyo wengine baadaye waliitilia shaka kubwa. Mwaka 1921 aliandika juu ya wale ambao matundu yao ya chumba cha nne yamefungwa, akafungua kisogo na kuukata utando, ili kuyapa maji mlango ambao maumbile hayakuyapa. Mwaka 1922 alitoboa sakafu ya chumba cha tatu, apate njia ya mkato inayoyatoa maji nje bila ya kupita chumba cha nne. Na mwaka huohuo akachukua kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo, akakiingiza katika vyumba vya ubongo, akavitazama kwa jicho lake.

Kifaa hicho cha kibofu kilikuwa na historia yake. Mwaka 1910 Victor Lespinasse, tabibu wa Chicago ambaye kazi yake ilikuwa njia za mkojo wala si ubongo, alikiingiza katika vichwa vya watoto wachanga wawili, akaviunguza vishada vyao vya koroidi. Mmoja alikufa papo hapo na mwingine akaishi miaka 5. Na mwaka 1923 William Mixter wa Boston alitumia kifaa cha jamii hiyo kutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha msichana wa miezi 9, bila ya kulifungua fuvu zima kama alivyofanya Dandy, na mtoto akapona. Ungedhani kuwa njia imepatikana. Lakini mwanga wa vifaa vile ulikuwa hafifu, na kila mpasuaji aliyejaribu alihesabu majeneza madogo mengi kuliko watoto waliorudi nyumbani. Tracy Putnam na John Scarff waliendelea na kuunguza vishada kwa miaka mingi tangu kati ya miaka ya 1930, kwa subira ambayo ni haki kuitaja. Wengine waliiacha kazi hiyo.

Dandy aliyafanya haya kwa watoto wa watu, na wengi walikufa mikononi mwake, na msomaji ana haki ya kuuliza kama ilikuwa halali. Sina fatwa ya kutoa. Nasema tu kuwa watoto hao hawakuletwa kwake kutoka katika afya. Waliletwa kutoka katika mauti ya polepole, ambayo al-Zahrawi aliyaona akayaandika, na wazazi wao walikuwa wamekwisha kuambiwa na matabibu wengine kuwa hakuna la kufanya.

Jina la pili laja kutoka Chicago. Mwaka 1942, John Taggart na Arthur Earl Walker, aliyezaliwa Kanada, walichapisha makala juu ya wagonjwa ambao matundu ya Magendie na Luschka hayakufunguka tangu tumboni, wakashikilia kuwa huko kutofunguka ndiko chanzo cha mambo yote: mlango umefungwa, maji yamejaa, na kujaa kwake kumeuzuia ubongo mdogo usikue. Ni hoja nzuri, yenye mpangilio, nayo ilikuwa na kosa. Mwaka 1954 Clemens Benda, tabibu mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa Massachusetts, alionyesha kuwa baadhi ya watoto hao wana matundu yaliyo wazi, na kwamba asili ya jambo ni kasoro ya kuumbwa kwa ubongo mdogo na paa la chumba cha nne, na kufura hufuata baadaye. Benda, aliyeyapindua maoni ya waliomtangulia, ndiye aliyeipa kasoro hiyo jina lao; adabu ambayo si kila mwanazuoni angeiweza. Dandy hakulisikia jina hilo, kwani alifariki Baltimore mwaka 1946, na aliyekwenda kukikalia kiti chake cha upasuaji wa ubongo pale Hopkins, mwaka 1947, alikuwa Walker mwenyewe. Watu wawili walioungana katika jina la ugonjwa walikuwa wamepokezana nafasi moja ya kazi.

Maoni ya Benda yalikuwa na taathira katika chumba cha upasuaji. Ikiwa mlango uliofungwa si asili ya taabu, kuufungua hakutoshi. Na kweli ilikwisha kuonekana kuwa watoto wengi waliokatwa utando kwa kufuata mfano wa mwaka 1921 walirudi na vichwa vinavyokua. Wakati huo ikatokea dawa nyingine, iliyotoka si kwa tabibu bali kwa fundi wa vyuma. John Holter, fundi wa karakana moja ya Marekani, alipata mtoto mwenye mgongo wazi na maji kichwani, akamwona mpasuaji Eugene Spitz wa Philadelphia akihangaika na mipira ya kutolea maji iliyokuwa ikiziba au kurudisha damu, akaenda nyumbani kutengeneza vali ndogo inayofunguka kwa kani ya maji na kujifunga yasirudi nyuma. Ilipofika mwaka 1956 vali hiyo, ya mpira wa silikoni, ilikuwa tayari kutiwa vichwani mwa watoto, na ndani ya miaka michache dunia nzima ilikuwa ikiwatia watoto mrija chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi moyoni, na baadaye hadi tumboni. Mtoto wa Holter mwenyewe hakuishi miaka mingi. Watoto wa watu wengine, maelfu kwa maelfu, waliishi.

Kwa wenye kasoro ya Dandy na Walker, mrija ulileta mjadala mpya: uwekwe katika vyumba vya juu, au katika ule mfuko wa kisogoni, au miwili iunganishwe pamoja? Kila rai ilikuwa na wafuasi wake na madhara yake, na mjadala huo uliendelea kwa miaka karibu 50. Nafikiri umeandikiwa makala nyingi kuliko unavyostahili.

Lililokuwa kubwa zaidi ni kuwa mrija ni mtumwa mwenye kuhitaji msimamizi. Karibu nusu ya mirija wanayotiwa watoto huziba au kuharibika katika miaka miwili ya kwanza, na mrija ukiziba, maji hupanda kwa saa, si kwa miezi. Mtoto huanza kutapika, akasinzia, na asipofikishwa kwa mpasuaji siku hiyo au ya pili yake, hufa. Katika mji wenye hospitali kila mtaa, hilo ni taabu. Kwa mama ambaye kutoka kijijini kwake hadi barabara ya lami ni safari ya nusu siku, na kutoka hapo hadi kwa mpasuaji ni nauli ambayo hana, mrija ni ahadi ambayo yaweza kuvunjika usiku wowote.

Hali hiyo ndiyo aliyoikuta Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, aliyehamia Mbale, mashariki ya Uganda, mwaka 2000 pamoja na mkewe na watoto wao sita, kwa ajili ya hospitali ya watoto ya shirika la Kikristo la CURE. Mbale ni mji ulio chini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya, na watoto walioletwa pale walikuwa wengi kuliko alivyopata kuona kwao, wengi wao wakiwa wamepata maji ya kichwani baada ya homa za siku za uchanga. Mwanzo aliwatia mirija, na alikuwa na mirija ya bei nafuu itengenezwayo India, ambayo alipoipima aliiona haipungui kitu mbele ya ile ya bei ghali. Lakini bei haikuwa shida yake kubwa. Shida ilikuwa ile siku ya kuziba.

Akajaribu kutoboa sakafu ya chumba cha tatu kwa kifaa cha kuchungulia, ambacho sasa kilikuwa chembamba, chenye mwanga mkali na shingo inayopinda. Na kwa watoto waliovuka mwaka mmoja ilifaa, lakini kwa wachanga ilishindwa mara nyingi mno. Hapo akafanya jambo ambalo vitabu vilikuwa vimekwisha kulizika: baada ya kutoboa, bila ya kukitoa kifaa, akakizungusha katika vyumba vyote viwili vya pembeni na kuviunguza vishada vya koroidi. Dawa mbili za Dandy, ya mwaka 1918 na ya mwaka 1922, ambazo kila moja peke yake iliwahi kulaumiwa na kuachwa, zikaunganishwa katika kikao kimoja. Mwaka 2005 alichapisha hesabu ya watoto 550 wa Afrika: katika wale wasiotimiza mwaka, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47, na kutoboa pamoja na kuunguza kulifaulu kwa asilimia 66. Kuunguza husaidia kwa namna gani, wanazuoni hawajaafikiana; wako wasemao kuwa maji hupungua, na wako wasemao kuwa ni mapigo ya mishipa ile yanayotulia. Chemchemi yenyewe haikauki kabisa kama Dandy alivyotumaini.

Katika watoto wa Mbale walikuwamo wachache wenye mfuko wa maji kisogoni na ubongo mdogo uliopungua katikati. Kwa mujibu wa mafundisho ya zamani hao hawakuwa wa kutobolewa sakafu, bali wa kutiwa mirija, mmoja au miwili. Warf na wenzake, akiwamo mpasuaji wa Uganda John Mugamba, ambaye Warf aliporudi Marekani mwaka 2006 aliendelea na kazi ile kwa mikono yake, waliwatendea kama walivyowatendea wengine, na mwaka 2011 wakachapisha habari za watoto 45 wa jamii ya Dandy na Walker. Karibu robo tatu yao haikuwalazimu kupasuliwa mara ya pili. Mfereji mwembamba baina ya chumba cha tatu na cha nne ulikutwa wazi kwa walio wengi sana, kwa hiyo maji ya kisogoni yalikuwa na njia ya kupanda na kutokea katika tundu jipya, na ule mjadala wa mrija uwekwe chumba gani, uliodumu karibu nusu karne, ukakosa haja kwa watoto hao.

Wenye shaka hawakukosekana, na ni vema, kwani shaka ndiyo iliyoyathibitisha matundu ya Luschka. Jaribio la haki likafanywa Mbale, kwa watoto wachanga 100 waliopata maji ya kichwani kwa ajili ya maambukizi. Wakagawanywa kwa kura baina ya mrija na dawa hii ya kutoboa na kuunguza, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2017: baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti kubwa baina yao katika kukua kwa akili. Kwa mtoto aliye karibu na hospitali, basi, njia zote mbili zina nafasi. Kwa aliye mbali, ile isiyoacha kitu cha kuziba usiku ina uzito ambao haupimwi kwa mizani ya jaribio.

Upasuaji huu hauumbi upya kilichopunguka. Ule mnyoo wa ubongo mdogo ambao haukukua tumboni hautakua kwa kutobolewa sakafu ya chumba cha tatu, na katika watoto wenye kasoro hii wako wanaotembea na kusoma na wenzao, na wako wanaochelewa katika kila jambo na kuhitaji mkono wa mtu maisha yao yote. Tofauti hiyo hutegemea mambo mengine yaliyoambatana na kasoro hiyo, ambayo kisu hakiyafikii. Kisu huyafikia maji tu. Na maji hayangoji, kwani kila wiki yanayokaa yakiusukuma ubongo ni wiki ambayo ubongo hautarudishiwa.

Kwa hiyo wewe usomaye, ukiwa mzazi, au mkunga, au bibi mwenye mjukuu mchanga nyumbani, chukua utepe wa kupimia, ule ule wa fundi cherehani, uzungushe juu ya nyusi na kisogoni mahali palipotokeza zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kichwa cha yapata sentimita 35, na katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi. Andika ulichokiona na tarehe yake, na kikizidi kwa haraka mpeleke mtoto hospitali juma hilohilo, usingoje kuambiwa na majirani.